Somo juu ya Kuona na Kutambua

Somo la mwezi huu latoka katika Injili ya Marko, sura ya 8, mstari wa 22 hata 26. Twawaomba waalimu na wainjilisti walisome kwanza wenyewe, polepole, kabla ya kuendelea na maneno yetu. Maana habari yenyewe ni fupi, na mtu aliyeizoea huipita kama apitavyo mlango wa nyumba yake.

Bwana Yesu alifika Bethsaida, na watu wakamletea kipofu. Akamwongoza kwa mkono mpaka nje ya kijiji, akamtia mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu alipoinua macho alijibu kwamba anaona watu, ila kwa umbo wamefanana na miti, nao wanakwenda. Ndipo Bwana alipomwekea mikono mara ya pili, na sasa akaona kila kitu waziwazi.

Katika Injili zote nne hakuna habari nyingine ya mgonjwa aliyeponywa kwa hatua mbili, na Marko peke yake ndiye aliyeiandika hii. Wahubiri wengi huieleza kwa mfano wa wanafunzi, ambao katika sura iyo hiyo, mstari wa 18, waliulizwa kwa nini wana macho wasione. Maana hiyo ni njema, nasi hatuipingi. Lakini leo twataka kukaa juu ya jambo moja ambalo halihubiriwi mara nyingi. Baada ya kuguswa mara ya kwanza macho yalikuwa yamekwisha kufunguka, na nuru iliingia; hata hivyo yule mtu hakuona kama sisi tuonavyo. Tena angalieni jibu lake. Alijuaje ya kuwa hao ni watu, ikiwa umbo lao ni la miti? Alijua kwa sababu walikwenda, na miti haiendi. Basi alikuwa akifanya hesabu moyoni mwake. Jicho lilimpa umbo na mwendo, na moyo ukaongeza neno “watu”.

Tusipite hapa bila kusema kwamba Marko hakuandika kuwa mtu huyu alizaliwa kipofu. Neno la Kiyunani lililotumika katika mstari wa 25 lina maana ya kurudishwa katika hali ya kwanza, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba aliwahi kuona zamani, akajua mti ulivyo. Yule wa Yohana sura ya 9 ndiye aliyezaliwa hivyo. Twalisema hili ili mwalimu asijenge juu ya Marko nyumba ambayo msingi wake hauichukui.

Sasa tuwageukie wataalamu wa elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, maana wao nao wameshughulika sana na jambo hili, na habari zao zafaa kujulikana na watu wa kanisa.

Mwaka 1688 bwana mmoja wa Dublin, William Molyneux, ambaye mke wake alikuwa amepofuka, alimwandikia mwanafalsafa John Locke swali. Alisema: Tuseme yuko mtu aliyezaliwa kipofu, naye kwa kupapasa amejifunza kupambanua mpira na kisanduku cha pembe nne. Akiisha kuwa mtu mzima, anapewa kuona. Je, akiwekewa vitu hivyo viwili mezani, ataweza kusema kwa macho tu, bila kugusa, upi ni mpira na kipi ni kisanduku? Locke alilitia swali hilo katika kitabu chake mwaka 1694, na wote wawili walijibu kwamba hataweza. Lakini walijibu kwa kufikiri tu. Hakuna aliyekuwa amejaribu.

Mwaka 1728 daktari mpasuaji wa London, William Cheselden, alitoa habari ya kijana wa miaka 13 hivi, ambaye mtoto wa jicho alimzuia kuona tangu utotoni kabisa hata asikumbuke kama aliwahi kuona. Cheselden alimpasua, na macho yakapata nuru. Yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Kijana hakujua kitu kilicho mbali wala kilicho karibu. Alidhani vyote vinamgusa macho, kama vile vitu alivyovishika vilivyomgusa ngozi. Hakujua umbo la kitu chochote kwa kukitazama. Aliambiwa majina ya vitu, akayasahau, akaambiwa tena. Paka na mbwa wa nyumbani, ambao kwa mkono aliwajua vizuri sana, kwa macho aliwachanganya, na akaona haya kuuliza kila mara. Basi siku moja alimkamata paka, akampapasa mpaka akamjua, halafu akamtazama kwa makini muda mrefu, akamwachilia, akimwambia ya kwamba safari nyingine atamtambua. Picha za ukutani nazo zilimpa taabu. Kwa muda wa miezi miwili aliona kwamba ni mabaka ya rangi tu. Kisha ghafula akatambua kuwa zaonyesha watu na vitu, na hapo akastaajabu kwa nini, akizigusa, ni bapa kama karatasi nyingine. Aliuliza ni mlango upi wa fahamu unaosema uongo, kugusa au kuona.

Swali la kijana huyo ni zito kuliko vitabu vingi.

Habari ya pili ni ya karibu zaidi, na ina huzuni. Mtu mmoja wa Uingereza alipoteza macho akiwa mtoto wa miezi 10. Alikua, akawa fundi hodari wa mikono, mchangamfu, mwenye kuvuka barabara peke yake kwa fimbo bila hofu. Katika majira ya Desemba 1958 na Januari 1959, akiwa na miaka 52, alipandikizwa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, akaona. Wataalamu Richard Gregory na Jean Wallace walimchunguza, wakatoa taarifa yake mwaka 1963. Waliona jambo la ajabu: vitu alivyokuwa amevijua kwa vidole alivitambua mara moja kwa macho. Aliweza kusoma herufi kubwa, kwa kuwa shuleni kwa vipofu alifundishwa kuzipapasa zilizochongwa. Herufi ndogo, ambazo hakufundishwa, hakuzijua. Walimpeleka makumbusho ya ufundi huko London, wakamwonyesha mashine ya kukerezea, chombo alichokitamani siku zote. Alipoitazama ndani ya kioo hakuweza kusema chochote juu yake. Walipomfungulia, alifumba macho akaipapasa yote kwa pupa. Kisha akarudi nyuma, akafumbua macho, akasema kwamba kwa kuwa sasa ameigusa, aweza kuiona.

Lakini furaha yake haikudumu. Barabara alizozivuka akiwa kipofu zilimtia hofu kuu alipoziona. Rangi iliyobanduka ukutani na mawaa ya vitu vilimsononesha. Jioni mara nyingi alikaa gizani asiwashe taa. Alifariki mwezi wa Agosti 1960. Hatusemi kwamba kuona ndiko kulikomwua; twasema tu kwamba alipewa macho katika miaka ambayo si rahisi tena kujifunza kuyatumia, naye alilemewa na kazi ambayo sisi sote tuliifanya tukiwa wachanga mgongoni mwa mama zetu, bila kujua kuwa tunafanya kazi.

Jibu la swali la Molyneux lilipatikana kwa njia ya majaribio mwaka 2011. Huko India wako watoto wengi wenye mtoto wa jicho tangu kuzaliwa ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuwapeleka kwa mpasuaji. Profesa Pawan Sinha, mzaliwa wa nchi ile anayefundisha Marekani, alianzisha kazi iitwayo Prakash, maana yake nuru, ya kuwapasua watoto hao na pamoja na hayo kujifunza jinsi kuona kunavyoanza. Yeye na wenzake waliwajaribu watoto 5, wenye umri wa miaka 8 hata 17, mara baada ya bandeji kuondolewa. Wakipapasa umbo kisha kutakiwa kulichagua kwa macho, walifanya karibu sawa na mtu anayebahatisha. Basi Molyneux na Locke walikuwa wamejibu sawa. Lakini watoto walipojaribiwa tena baadaye, ilionekana ya kuwa katika muda wa siku chache tu walikuwa wameanza kuweza. Habari hii imetufurahisha sana, maana zamani wengi walidhani kuwa mtoto akiisha kupita umri wa uchanga hafai tena kupasuliwa. Mzazi msomaji wa gazeti hili, mwenye mtoto ambaye mboni yake ina weupe, asikae nyumbani akisema muda umepita. Ampeleke hospitali upesi, maana kila mwezi wa kukawia una hasara yake.

Haya, tumeona kwamba kutambua ni kazi ya kujifunza. Sisi ambao tumekwisha kujifunza, twafanyaje kila siku?

Wahenga husema macho hayana pazia. Ni kweli kwamba jicho halichagui; lakini laingiza vitu vichache kuliko tudhanivyo. Nyoosha mkono wako, utazame ukucha wa kidole gumba. Mahali uonapo kwa usafi kabisa si papana sana kuliko ukucha huo. Pande zote zilizobaki ni ukungu. Jicho larukaruka mara tatu hivi kwa kila sekunde, likiokota kipande hapa na kipande pale, na ubongo wavishona vipande hivyo kuwa nguo moja isiyoonyesha mshono. Tena nyuma ya kila jicho, pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda ubongoni, hapana kabisa uwezo wa kuona. Jambo hilo liligunduliwa na Mfaransa Edme Mariotte katika miaka ya 1660.

Waalimu waweza kulionyesha darasani kwa karatasi na penseli. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kuume, mbali kadiri ya upana wa vidole vinne, chora doa jeusi kama punje ya mahindi. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kuume utazame msalaba tu, usiuache, ukiisogeza karatasi polepole kutoka mbali kuja karibu. Penye umbali wa futi moja hivi doa litatoweka. Na angalieni vizuri: mahali pake hamtaona shimo wala giza, bali mtaona karatasi nyeupe. Nani aliyeuweka weupe huo pale? Si jicho, maana mahali hapo jicho halina habari yoyote. Ni moyo uliokisia, ukajaza, wala haukumwambia mwenyewe kwamba umejaza. Tumewafanyisha hivyo wanafunzi wa Kipaimara zaidi ya mara moja, na sikuzote wako watakaoigeuza karatasi wakitafuta mahali doa lilikokwenda.

Ibn al-Haytham, mtaalamu Mwarabu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 akafanya kazi Misri, alikwisha kuandika kwamba sehemu kubwa ya kuona hufanywa na kupima na kukisia kwa upesi hata mtu asijue kuwa amekisia. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake kikubwa juu ya macho kilichotimia mwaka 1867, alifundisha karibu neno lilo hilo. Yatupasa kuukumbuka ukweli huo pamoja na sharti lake: makisio haya si upotevu. Kama ubongo ungengoja habari zote zitimie ndipo useme “huyu ni nyoka”, watu wangalikwisha zamani. Mungu ametuumba tujue kwa machache, na mara nyingi sana twakisia sawa.

Liko jambo jingine la ajabu, tutaligusa tu. Mwaka 1974 Lawrence Weiskrantz na wenzake walitoa habari ya mtu aliyepasuliwa ubongo, akapoteza kuona kwa upande mmoja. Wakimwekea taa upande huo, alisema haoni kitu. Wakimsihi abahatishe tu iko wapi, alinyosha kidole penyewe mara nyingi kuliko iwezavyo kuwa bahati. Kumbe ndani ya mtu yako mengi yanayoonwa bila mwenyewe kujua kuwa anaona. Jinsi nyama ya ubongo inavyoleta kule kujua kwenyewe, kule kusema “mimi naona”, wataalamu hawajakubaliana mpaka leo, na wengine wao hukiri kwamba ndilo fumbo gumu kuliko yote katika elimu yao. Sisi hatuna haraka ya kuliziba fumbo hilo kwa jina la roho, kama kwamba Mungu hukaa tu mahali ambapo wataalamu hawajafika.

Hata kitu kilicho mbele ya macho chaweza kupita kisionwe, moyo ukiwa umeshughulika na kingine. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris walitoa habari ya jaribio lao. Watu walionyeshwa sinema fupi ya wachezaji wakirushiana mpira, wakaambiwa wahesabu wenye nguo nyeupe wamerushiana mara ngapi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa kama gorila, yule sokwe mkubwa, aliingia akapita kati ya wachezaji, akatoka. Walipoulizwa baadaye, karibu nusu ya watazamaji hawakuwa wamemwona. Macho yao yalikuwa wazi na hesabu yao ilikuwa sawa. Wengi huona vigumu kusadiki ya kuwa kitu kama hicho kiliwapita.

Sasa twafika mahali ambapo kwa ajili yake tumeliandika somo hili. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1, kuhani Eli alikuwa ameketi kitini pake kwenye mwimo wa hekalu huko Shilo. Alimwona mwanamke, midomo yake ikichezacheza, sauti haisikiki. Alisema amelewa. Eli hakusema uongo. Midomo ilicheza kweli, na sauti haikusikika kweli. Ilikuwa wakati wa karamu, watu wamekwisha kula na kunywa, na kuhani wa siku nyingi alikuwa amewaona walevi wengi kuliko aliowaona wenye kuomba kimoyomoyo. Jicho lilimpa midomo, na mazoea yakampa divai. Kama Hana angalinyamaza kwa uchungu wake, angaliondoka hekaluni na jina la mlevi, kwa ushuhuda wa kuhani mwenyewe aliyeona kwa macho yake.

Mambo ya namna hii hayakwisha Shilo. Katika usharika mmoja, ambao jina lake hatulitaji, mzee mmoja mwaminifu, ambaye hata adui zake hawakumjua kwa uongo, aliona saa ya magharibi mwanamke akitoka nyumba ya pombe. Alimtambua kwa kanga yake, maana ilikuwa na maua ambayo hapo kijijini mama mmoja tu alikuwa nayo, naye ni mshiriki wa Meza ya Bwana. Alilipeleka jambo barazani, kama ilivyompasa. Siku ya kwanza alisema kwamba amemwona akitoka. Mmoja wa wazee akamwuliza, “Alikuwa akiyumba namna gani?” Yule akafikiri, akasema aliyumba kidogo. Baraza la pili alisema aliyumba, na la tatu alisema dhahiri kwamba alikuwa amelewa. Mama alikana, na kukana kwake kukahesabiwa kuwa ugumu wa moyo. Alizuiliwa Chakula cha Bwana tangu kabla ya Kwaresima hata baada ya Pentekoste. Mwisho ikajulikana kwamba aliyetoka mle ni mama yake mdogo, aliyekuja kumtembelea kutoka mbali, akaazima kanga kwa ajili ya baridi, akaenda kudai fedha za mahindi aliyoiuzia nyumba ile. Alikuwa na kidonda mguuni.

Yule mzee alipolisikia alikuja mbele ya wenzake akilia, akauliza kama ameivunja amri ya nane. Wenzake hawakujua la kumjibu. Na swali lenyewe si lake peke yake. Ni la kila mtu aketiye barazani.

Sisi twaona hivi. Shahidi wa uongo ni yule ambaye ulimi wake wasema lisilo moyoni mwake. Mzee huyu alisema lililo moyoni mwake, ila hakujua lilivyoingia humo. Jicho lilimpa kanga, giza la magharibi na mguu usiokanyaga sawa. Moyo ukatia jina la mtu, nalo swali la mwenzake likatia ulevi. Kwa hiyo hatumwiti mwongo. Walakini madhara yalimpata jirani yake vilevile, na Dakta Martin Luther, akiieleza amri hii katika Katekisimo Ndogo, hakukomea kwenye kukataza uongo. Alituagiza pia kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Zamani tulidhani neno hilo ni la upole tu. Sasa twaona kuwa ni la kweli pia: kwa kuwa moyo hujaza nafasi zilizo tupu bila kutuarifu, yampasa Mkristo kuuliza kwanza kama nafasi hiyo haiwezi kujazwa kwa kitu chema. Mzee yule alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mama yule, mchana, watu wakiona. Hayo walisemezana wao wawili.

Juu ya lile swali la barazani, liko jaribio ambalo kila mwenyekiti wa baraza angefaa kulijua. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi sinema za magari yaliyopata ajali, kisha wakawauliza mwendo wake. Wengine waliulizwa yalikwenda kasi gani “yalipogusana”, wengine “yalipopondana”. Sinema ni zile zile. Walioulizwa kwa neno la kugusana walikisia wastani wa karibu maili 32 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la kupondana walikisia karibu maili 41. Katika jaribio la pili wanafunzi waliitwa tena baada ya juma moja, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika sinema hiyo havikuwamo. Lakini kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wengine walioulizwa kwa neno “yalipogongana”, waliosema hivyo ni 7. Neno moja la mwulizaji lilikuwa limeingia katika kumbukumbu za watu, likakaa humo kama kitu walichokiona kwa macho yao. Si jambo dogo. Nchini Marekani, tangu uchunguzi wa DNA ulipoanza kutumika, mamia ya watu waliofungwa miaka mingi wameonekana hawana hatia, na katika zaidi ya nusu ya kesi hizo alikuwako shahidi aliyemnyoshea kidole mtu asiye mwenyewe. Wengi wa mashahidi hao waliapa kwa moyo safi.

Basi wazee wamwache shahidi aseme mwenyewe mpaka amalize, bila kumtilia maneno kinywani. Wamwulize aliona nini, kisha, kwa swali la pili, alijuaje kuwa ni fulani. Maana mara nyingi hapo ndipo kanga inapojitenga na mwenye kanga. Wamwulize kulikuwa na mwanga gani, na umbali gani, na kama kabla ya siku hiyo alikuwa amesikia lolote juu ya mtu yule. Maneno yake ya siku ya kwanza yaandikwe siku iyo hiyo, na yakiongezeka baadaye, nyongeza isihesabiwe kuwa ni kukumbuka vizuri zaidi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, yataka mashahidi wawili au watatu, na mstari wa 18 yataka waamuzi waulize kwa bidii. Lakini mashahidi wawili waliokwisha kuzungumza pamoja njiani wakija barazani, sisi twawahesabu kuwa mmoja. Na kukana kwa mshitakiwa kusiwe ushuhuda juu yake. Hana naye alikana.

Wengine wataingiwa na hofu wakisoma haya. Watasema: kama macho ya mashahidi ni hafifu hivi, itakuwaje imani yetu, ambayo imesimama juu ya watu waliosema ya kwamba wamemwona Bwana? Swali ni la haki, nasi tusilikimbie. Tukizisoma habari za Pasaka kwa nuru ya mambo tuliyoyataja, twaona kwamba makisio ya moyo yalikuwako kweli, ila yalivuta upande mwingine. Mariamu Magdalene alidhani ni mtunza bustani. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye wasimjue. Katika Luka 24:37 wanafunzi walidhani wanaona roho. Mioyo yao ilikuwa imejaza kaburi na kifo, wala haikujaza ufufuo. Walichokitazamia ndicho kilichowazuia wasitambue. Tena hawakuachiwa jicho peke yake. Mariamu alitambua kwa sauti, wale wa Emau kwa kuumegwa mkate, na Tomaso alipewa ruhusa ya mkono. Naye Yohana aanzapo waraka wake wa kwanza ataja kusikia, kuona, kutazama na kushika, vyote pamoja, na hasemi “mimi” bali “sisi”. Kijana wa Cheselden aliyeuliza kama ni kugusa au kuona kunakosema uongo angalimwelewa Yohana upesi kuliko sisi tuliozoea.

Kwa darasa la mwezi huu, jaribio la msalaba na doa lifanywe kwanza, kila mtu na karatasi yake, ndipo Marko 8 isomwe. Wazee wa kanisa wasome peke yao 1 Samweli 1:9–18. Kwa Jumapili inayofuata wote wasome sura ya 3 ya kitabu hicho, ambamo mtoto Samweli alisikia sauti vizuri kabisa na mara tatu akaikimbilia kwa mtu asiyeita. Wapime ni kitu gani kilichomfanya adhani ni Eli, na kwa nini ni Eli yuyo huyo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupofuka, aliyetangulia kutambua ni nani aliyeita.